Nundu Iliyolala Kushoto

Ndama wa kwanza wa shamba la Mama Kemilembe alizaliwa Ijumaa saa nne asubuhi, jua likiwaka. Kabla hajasimama kwa miguu yake minne, alikuwa ameshaitoa siri ya watu wazima wawili.

Hakuitoa kwa mdomo, aliitoa kwa mgongo. Pale juu ya mabega, mahali ambapo ndama wa kizungu huwa pamenyooka kama meza ya seremala, huyu alikuwa na nundu. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa andazi, lakini nundu ni nundu. Tena haikusimama katikati kama nundu za ng'ombe wenye adabu. Ilikuwa imelala upande wa kushoto kama kofia ya mlevi.

Mihayo Machibya, meneja wa shamba, aliitazama kwa karibu. Akaisukuma kwa kidole kwenda kulia. Ikarudi kushoto. Akaisukuma tena, akaishikilia kidogo, akaiachia taratibu. Ikarudi kushoto, bila haraka.

"Shemeji," alisema Nkwabi, mkamuaji wa shamba, aliyekuwa bado amepiga magoti kwenye majani makavu, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. "Hiyo hata ukiipiga pasi haitanyooka."

"Nyamaza, Nkwabi."

"Nimenyamaza miezi tisa. Sasa ni zamu ya ndama kusema."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Mama Kemilembe huja kukagua ng'ombe wake.

*

Mihayo alikuwa ameishi na aibu tangu ujana, kama watu wengine wanavyoishi na kikohozi. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye ranchi ya serikali. Ranchi yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba, kwa maneno yake, mtamba akianza kula nyasi upande wa mashariki alifika magharibi akiwa bibi mwenye wajukuu. Lakini yeye Mihayo hakuiona ranchi hiyo yote. Aliona josho. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mdomo wa josho na fimbo, kuwatumbukiza ng'ombe kwenye dawa ya kupe, mmoja baada ya mwingine, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine alifagia.

Kila alipokwenda likizo kijijini kwao, huko ndani ya Magu, baba yake alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akasubiri majirani wajae, kisha akamuuliza swali lilelile.

"Haya, Mihayo. Huko unachunga ng'ombe wengi?"

"Elfu nane, baba."

"Elfu nane! Ng'ombe wa nani?"

"Wa serikali, baba."

"Ahaa. Na hiyo serikali inakaa nyumba gani, siku moja nikaisalimie?"

Wazee walicheka mpaka ugoro ukawatoka puani. Mihayo naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka anajulikana ameumia. Kwa Msukuma wa umri wake, mwanamume aliyeota mvi huku akiswaga ng'ombe wasio wake ni mtoto aliyerefuka tu. Wadogo zake walikuwa na mazizi. Yeye alikuwa na sare ya kaki.

Kisha zikaja siku za ruksa, mashirika ya umma yakaanza kupukutika kama majani ya mkuyu, na ranchi ikatangazwa kwamba inauzwa. Mihayo alipewa barua ya shukrani yenye mhuri. Akashukia Kisesa na mkewe Modesta, sanduku moja la bati, na viatu vya mpira vilivyopauka kwa dawa ya josho. Siku hiyo aliapa mbele ya mkewe: "Kuanzia leo, atakayenisikia naitwa mtu wa josho na anikate sikio. Mimi nitakuwa meneja."

"Meneja wa nini?" aliuliza Modesta.

"Hicho ndicho kilichobaki kujulikana."

Kilijulikana baada ya miezi miwili. Mama Kemilembe, Mhaya mmoja aliyestaafu uuguzi na kufungua duka la dawa mjini Mwanza, alikuwa amenunua shamba mbele kidogo ya Kisesa na kuleta mitamba sita wa maziwa kutoka Bukoba kwa meli. Walishuka bandarini wakiyumba kama walevi, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe, matako mapana, na si nundu hata ya dawa. Aliwapa majina kwa vyeo vya hospitali. Mkubwa wao aliitwa Metroni. Waliofuata walikuwa Sista Odeta na Sista Bernadeta, na watatu wadogo waliitwa Nesi wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu.

Alimhoji Mihayo pale dukani, kati ya chupa za dawa ya kikohozi.

"Umesimamia ng'ombe wangapi?"

"Elfu nane, Mama."

"Magonjwa unayajua?"

"Mama, mimi ng'ombe akikohoa ng'ambo ya bonde, namjua ni yupi na jana alikula nini."

"Na uhimilishaji? Mimi sitaki madume shambani kwangu. Nataka mbegu ya kitaalamu, ya mrija."

Mihayo alikuwa ameuona mrija wa uhimilishaji mara moja tu, kwa mbali, mkononi mwa mzungu aliyepotea njia.

"Uhimilishaji?" alisema, akatabasamu kwa huruma. "Hiyo ilikuwa ndiyo chai yangu ya asubuhi."

Akapata kazi. Kwenye mlango wa chumba cha stoo kikapigiliwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MENEJA. Nkwabi, kaka yake Modesta, akaajiriwa kuwa mkamuaji ingawa bado hapakuwa na cha kukamua. Na Modesta sokoni Kisesa akaanza kuitwa Mama Meneja, akawa anauziwa dagaa waliochambuliwa.

*

Sasa, mbegu ya mrija ina sharti lake. Dume hajali saa, kwa sababu anakaa na majike na pua yake ndiyo kalenda. Lakini mrija haunusi. Lazima mtu mwenye macho amtambue mtamba siku anapohitaji dume. Huyo mtu ni meneja.

Mtaalamu wa mbegu aliitwa Elias, kijana mwenye pikipiki na mtungi unaotoa moshi wa baridi. Vijana wa Kisesa walimwita Dume la Pikipiki, naye aliitika. Alimweleza Mihayo kanuni siku ya kwanza.

"Ni rahisi, Meneja. Ukimwona asubuhi, nitumie habari, jioni nipo. Ukimwona jioni, asubuhi nipo. Ukichelewa siku moja, tumekwisha."

"Unanifundisha mimi?" alisema Mihayo.

Mara ya kwanza alimwita Elias kwa ajili ya Sista Odeta, aliyekuwa akilia sana. Elias akampima, akasema huyu analia kwa sababu ana njaa. Mara ya pili ilikuwa Metroni. Elias akavua glavu yake ndefu akatikisa kichwa. "Huyu alikuwa tayari juzi, Meneja. Hamkuona wenzake wakimpanda? Hamkuona ute?" Mara ya tatu mitamba wawili walikuwa wamepitwa kwa mpigo. Elias akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa upole, na upole huo ndio uliochoma:

"Mzee wangu, nina siku mbili hapa Kisesa. Nikae na wewe bandani nikuonyeshe dalili? Si aibu. Hata mimi nilionyeshwa."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi kabisa. Nkwabi alikuwa amesimama akisikiliza. Mihayo akatazama kibao cha MENEJA, akatazama ule uso wa kijana usio na hata ndevu za kutosha.

"Unionyeshe mimi?" alisema. "Kijana, nilikuwa na ng'ombe elfu nane wewe ukiwa bado unanyonya."

Elias akawasha pikipiki. Mwezi huohuo alihamishiwa Geita, na kabla mwingine hajaletwa, Mama Kemilembe alikuja na gari lake aina ya pikapu, akawapapasa mitamba matumbo mmoja mmoja kama alivyowapapasa wanawake kliniki.

"Meneja, miezi minne. Mitamba sita, na hakuna hata mmoja mwenye mimba. Mwaka ukiisha hivi, nitatafuta mtu mwenye cheti."

*

Baba yake Mihayo alikuwa na fahali aliyeitwa Diwani, kwa kuwa alikuwa akizitembelea kaya zote za kata bila kualikwa na akiondoka anaacha matokeo. Uzio kwake ulikuwa ushauri tu. Inasemwa aliwahi kuogelea mto uliofurika, akarudi na majike watatu wakimfuata kwa hiari yao. Nundu yake ilikuwa imelala kushoto, na watoto wake wote, popote walipozaliwa, nundu zao zililala kushoto. Watu wakikutana mnadani na ndama wa namna hiyo, hata kama mnada uko Shinyanga, walimuuliza mwenye ndama: "Mama yake aliwahi kupita kwa Mzee Machibya?"

Mzee Machibya hakuazimisha fahali kwa mtu baki. Kwa mtoto wake au mkwe, sawa, na kwa desturi moja tu: ndama wa kwanza akizaliwa, mwenye fahali anakwenda mwenyewe na kibuyu, anakinga dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, anayanywa mbele ya zizi na kumwombea mwenye ng'ombe.

Mihayo alifika kwa baba yake mwanzoni mwa Desemba, akaamkia, akapewa kigoda, akaeleza shida. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mitamba sita," alisema. "Ng'ombe wa nani?"

Majirani walikuwa wameshajaa. Walikuwa wameshaanza kutabasamu, wakisubiri serikali na nyumba yake. Mihayo alifungua mdomo ili aseme Mama Kemilembe, na mdomo ukamsaliti.

"Wangu, baba."

Mzee Machibya alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Hakucheka. Akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la misibani na harusi, akaenda zizini, akamfungua Diwani kwa mikono yake mwenyewe. Akamkabidhi kamba.

"Nilikuwa nakutania miaka yote ile," alisema, "kwa sababu nilikuwa naogopa."

Mihayo alitembea na yule fahali mpaka Kisesa bila kumtazama machoni.

Diwani alikaa shambani mwezi mzima. Aliingia Jumapili, Mama akiwa kanisani mjini. Kila Jumamosi Nkwabi alimpeleka bondeni kuchanganywa na ng'ombe wa jirani mpaka pikapu iondoke. Diwani hakukosea mtamba hata mmoja, wala hakuhitaji kutumiwa habari na mtu. Na Mihayo, ndani ya chumba chenye kibao, akafungua daftari la mbegu akaandika kwa mwandiko mzuri: Metroni, tarehe saba, Sista Odeta, tarehe tisa, hivyo hivyo mpaka Nesi wa Tatu, na kwenye safu ya fahali akaandika mara sita jina alilolisikia kwa Elias: Jenerali, wa Arusha.

Akamwambia Mama kwamba Elias alikuja na mrija kutoka Geita, na Mama Kemilembe akafurahi. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba shambani kwake kuna mimba sita za Jenerali. Akamnunulia Mihayo baiskeli. Kila tumbo lilipoongezeka, usingizi wa Mihayo ulipungua. Alikuwa akijipa moyo kwamba pengine nundu inaweza kuruka kizazi, kama upara.

"Haijawahi kuruka," alisema Nkwabi, ambaye hakuwa na huruma ya kudanganya.

*

Jumamosi saa tatu pikapu iliingia. Mama Kemilembe alishuka na kanga mpya mkononi ya kumpangusa ndama, na shingoni amening'iniza kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, maana uuguzi haustaafu. Akamsikiliza Metroni, akampongeza. Akamsikiliza ndama. Kisha mkono wake ukapanda mgongoni, ukasimama.

"Meneja. Huyu ana jipu?"

Mihayo aliona neno jipu likipita mbele yake kama kamba inayorushwa kwa mtu anayezama. Akaidaka.

"Ndiyo, Mama. Ni uvimbe tu wa kuzaliwa. Utapungua."

Mama Kemilembe alibonyeza kwa vidole viwili, akafumba macho, akafumbua.

"Nimezalisha miaka ishirini na saba. Uvimbe naujua. Hii ni nundu." Akasimama wima. "Jenerali wa Arusha ana nundu?"

Metroni alikuwa akimlamba mwanawe palepale kwenye nundu, kama anayeonyesha.

"Nani ameingiza dume kwenye shamba langu?"

Mihayo alisema maneno ambayo baadaye aliyarudia moyoni siku nyingi, akiyachunguza moja moja, na kila moja likawa la kweli, na yote kwa pamoja yakawa uongo mchafu kuliko wote aliowahi kusema.

"Kuna ule uzio wa bondeni, Mama. Nkwabi ndiye huufungua, akienda kukata majani."

Nkwabi aligeuka akamtazama shemeji yake. Alikuwa na ndoo mkononi, akaiweka chini polepole.

"Nkwabi, ni kweli?" aliuliza Mama.

"Uzio huwa naufungua, Mama."

"Na dume aliingia?"

Nkwabi akamsubiri Mihayo. Alimpa muda wa kutosha, kama mtu anayemshikilia mwenzake mlango. Mihayo alikuwa akitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Dume aliingia, Mama," alisema Nkwabi.

"Basi chukua vitu vyako. Sitaki kukuona hapa."

Vitu vya Nkwabi vilikuwa panga na shati. Viatu vya mpira vilikuwa vya shamba. Alikaa kizingitini, akavua cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga vizuri chini ya kibao cha MENEJA. Akasimama peku.

"Msalimie dada yangu," alimwambia Mihayo, bila hasira, na akaanza kutembea.

Alikuwa hajafika getini alipopishana na mgeni.

"Hodi! Hodi, wenye ng'ombe!"

Mihayo aliitambua sauti kabla hajainua kichwa. Mzee Machibya alikuwa amevaa koti lake la misibani na harusi. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kibuyu kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Hakuitwa na mtu. Alihesabu miezi mwenyewe, akapanda lori la pamba tangu alfajiri.

"Shikamoo, baba," Mihayo alisema.

"Marahaba, marahaba! Yuko wapi?" Na hakungoja jibu. Alimwona ndama, akamwona mgongo, akatupa fimbo chini akacheka kicheko ambacho Mihayo hakuwahi kukisikia maishani. "Diwani! Diwani mtupu! Tazameni kofia yake! Nkwabi, unakwenda wapi, njoo uone mpwa wako!"

Kisha akamwona mwanamke amesimama na kanga mkononi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akamgeukia, akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Umefuata maziwa? Utanisamehe, ya leo hayauzwi, ni dang'a. Rudi wiki ijayo, mwanangu atakupimia vizuri. Huyu hapa ndiye mwenye ng'ombe." Akaweka mkono begani kwa Mihayo. "Wote sita. Alikuwa kwa serikali miaka ishirini, nikadhani amepotea. Kumbe alikuwa anajifunza."

Mama Kemilembe alikunja kanga yake. Alikuwa akimtazama Mihayo.

"Meneja," alisema taratibu. "Mzee anasema ng'ombe ni wa nani?"

Mkono wa baba ulikuwa bado begani. Mihayo aliuhisi mzito kuliko gunia la pumba. Na mzee Machibya, ambaye kwa miaka sitini alikuwa akimtambua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyoshusha sikio, akatazama sikio la mwanawe. Akatazama gari. Akatazama viatu vitupu chini ya kibao, na Nkwabi aliye peku getini. Mkono ukaondoka begani.

Akavua kofia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi ni mzee, nachanganya mambo. Fahali ni wangu. Ni mkorofi, hana adabu, anakata kamba. Alitoroka nyumbani akaja mpaka huku mwenyewe. Mwanangu hajui lolote, wala huyu Nkwabi. Fahali mchukue, awe faini."

Na akachuchumaa, magoti yakilia, akaweka kibuyu kitupu chini mbele ya miguu ya mwanamke wa umri wa binti yake.

Yule mzee hakuwahi kuchuchumaa mbele ya mtu. Ilisimuliwa kwamba enzi za wakoloni bwana shauri alimwamuru, akamjibu kwamba magoti yake yamezaliwa bila bawaba. Mihayo aliona upara wa baba yake kwa juu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mdogo, wenye jasho, na akajua kwamba hakuna josho duniani lenye dawa ya kutosha kumsafisha na kitu hicho.

Aliingia ndani. Wakadhani amekimbia. Akatoka na daftari la mbegu, akalifungua, akasoma kwa sauti kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Metroni, tarehe saba Desemba, fahali Jenerali. Uongo. Sista Odeta, tarehe tisa, fahali Jenerali. Uongo. Sista Bernadeta..." Akaenda hivyo mpaka Nesi wa Tatu, uongo sita, hakuruka hata mmoja. Akafunga daftari. "Fahali hakukata kamba. Nilimfuata mimi, kwa miguu yangu. Nkwabi nilimwamuru. Baba nilimdanganya, nilimwambia ng'ombe ni wangu. Na dalili za mtamba anayehitaji dume, Mama, sizijui. Elias alitaka kunionyesha, nikaona aibu. Huko ranchi sikusimamia ng'ombe elfu nane. Nilikuwa mtu wa josho."

Alipolisema neno hilo akasubiri kitu kitokee, mbingu au ardhi. Ndama alipata titi, akaanza kunyonya kwa kelele.

"Nkwabi," alisema Mama Kemilembe, bado akimtazama Mihayo. "Rudi uvae viatu. Na kuanzia leo daftari unashika wewe."

"Mama, mimi sijui kuandika."

"Angalau hutaandika uongo." Akamwinua mzee kwa viwiko vyote viwili. "Mzee, inuka, tafadhali. Shikamoo. Ningetakiwa kukuamkia mapema." Kisha akamgeukia Mihayo. "Wewe sikufukuzi. Nikikufukuza utahamia kwingine uende ukasimulie ng'ombe elfu kumi. Matumbo matano yamebaki. Utafagia banda, utawapokea wote kwa mikono yako, na kila atakayezaliwa, utakuja dukani kwangu mjini, mbele ya wateja, useme nundu yake imelala upande gani. Bwana mbegu mpya akija, utakaa miguuni pake ujifunze. Baada ya hapo ndipo tutazungumza kama unafaa kuajiriwa, na kwa kazi ipi. Sasa toa kile kibao."

Mihayo alikitoa mwenyewe. Misumari ilikuwa minne, na wa nne uligoma, ikabidi Nkwabi amsaidie. Hawakutazamana.

Mama Kemilembe akaokota kibuyu, akampa Nkwabi. "Kamua. Kwetu nako mwenye fahali harudi na kibuyu kikavu."

Mzee alikipokea kilipojaa. Hakunywa mbele ya zizi, wala hakumwombea mtu. Alimpa mwanawe akibebe, akatangulia.

Waliipita Kisesa yote hivyo, mzee mbele na fimbo, mwanamume wa miaka arobaini na mitano nyuma akibeba kibuyu kwa mikono miwili kisimwagike, kama mtoto aliyetumwa. Na Kisesa, kwa kuwa ilikuwa haijasikia, iliendelea na heshima zake. "Meneja, habari za shamba?" aliita fundi baiskeli. "Meneja!" waliita wauza nyanya. "Meneja, hujatuletea maziwa!" Kila salamu ilimchoma mahali pake. Modesta alikuwa kwenye meza ya dagaa. Aliinua mkono kuwapungia, akauona uso wa mumewe, mkono akaushusha.

Kituoni walisubiri lori. Mwanamke mmoja aliyekaa juu ya furushi alinusa, akachungulia kibuyu.

"Ee, dang'a! Mzee, mmebarikiwa. Ng'ombe wa nani?"

Mzee Machibya hakujibu. Alitazama barabara ya Magu, akiegemea fimbo yake kwa mikono yote miwili, na Mihayo akajua kwamba swali limeachwa kwa ajili yake, na kwamba baba yake hatageuka mpaka lijibiwe.

"Wa Mama Kemilembe," alisema. "Mimi nafanya usafi."

Lori likafika. Mzee akapanda, akakaa juu ya marobota, akanyoosha mkono kupokea kibuyu. Akakiinua, akanywa fundo moja, akafuta mdomo. Kisha, kabla lori halijaondoka, alikishusha tena, akamnyooshea mwanawe anywe naye.